Hapa Ndio Supu Italala

Harufu ya majani ya malenge yakipondwa pamoja na viazi moto inanishika mpaka leo. Si harufu mbaya. Iko karibu na ile ya nyasi iliyokatwa asubuhi kukiwa na umande, ila ndani yake kuna moshi na maziwa. Mimi ni mtu wa kupika. Hayo yakipondwa ndiyo mukimo, na nimepika ya harusi na ya matanga, sufuria za kupondwa na wanaume wawili wakipokezana mwiko, na nikiwa jikoni hiyo harufu hainisumbui hata kidogo. Inanishika nikiwa nimekaa kwa meza ya hoteli, nikiletewa na mtu mwingine.

Juzi binti yangu wa pili, Wangari, alinipeleka kula. Alikuja akasema, "Mum, leo hutashika mwiko," na mtoto akikuambia hivyo unavaa sweta nzuri na unafuata. Tulienda hoteli moja mpya hapa Nyeri, hizi za siku hizi, taa zinaning'inia kama vibuyu, muziki wa kutetemesha glasi, na vijana wamejaa ingawa ilikuwa tu Jumanne. Kila meza, simu inainuliwa kabla ya uma. Wangari naye ako na hiyo tabia. Hali mpaka apige picha, na akimaliza anaandika kwa simu vile ameona chakula, vile ameona mahali, halafu anapeana nyota. Nyota tano, nenda na watu wako wote. Nyota moja, heri ulale njaa. Ati kuna watu hawaingii hoteli hapa mjini, hapa tauni, kabla ya kusoma yeye amesema nini.

Mukimo ilikuja imepangwa kama keki, na kijani kidogo juu. Wangari alionja, akakunja pua.

"Iko na mabonge," akasema. "Na yule weita ametuacha hapa kama mizigo. Hii ni nyota mbili, na ni huruma. Mum, wewe unaipea ngapi?"

Nilimwambia nasikia joto, nikaenda kunawa uso. Nilisimama hapo kwa sinki kama mtu ameulizwa swali na polisi. Kile sikuweza kumwambia ndicho nawaandikia nyinyi. Kanisani nimetoa ushuhuda mara nyingi, nimesema mambo hata watu wakaangalia chini, lakini hii sijawahi kuitoa. Labda ni rahisi kwa sababu hamnijui uso.

Wacha kwanza niwaelezee jina. Sisi Wakikuyu hatuchagui majina ya watoto. Msichana wa kwanza anaitwa mama ya baba yake, wa pili anaitwa mama ya mama yake. Mimi nilikuwa wa pili, kwa hivyo mimi ni Nyawira, na Nyawira alikuwa nyanya yangu aliyemzaa mama. Na kwetu jina si kibandiko tu. Mama alikuwa ananiita "maitu", yaani mama yangu. Hakuniita kitu ingine tangu nijue kusikia. Maitu, kuja. Maitu, umekula? Hata akinichapa, alikuwa ananichapa akisema, "Maitu, mbona unanitesa?" Dada yangu mkubwa alikuwa anacheka, ati hapa mtoto anachapa mama yake.

Nyumbani kwetu ni Tetu, juu kidogo, penye kahawa inaachia chai. Baba alikuwa anafanya kazi kwa shamba za ngano huko Timau na alikuwa anakuja mwisho wa mwezi. Mama alikuwa ameandikwa kazi ya kumenya viazi kwa hoteli tauni. Hakuwa anatuambia mengi juu ya hiyo hoteli. Tulijua tu iko orofa ya juu, kwa sababu alikuwa analalamika magoti, na tulijua vidole vyake vinarudi jioni vimekunjamana na kuwa vyeusi kwa mikunjo.

Mukimo yake ilikuwa na njia. Akishaponda, alikuwa ananawa mikono tena, maji na sabuni, halafu anasukuma kidole gumba ndani ya mukimo. Kidole ikitoka safi, haijashikwa, hiyo imepondeka. Ikitoka na kipande, mwiko unarudi. Kisha akipakua, kila sahani alikuwa anaweka hicho kidole katikati, anabonyeza mara moja, na kunabaki kashimo. "Hapa ndio supu italala," alikuwa anasema. Kila sahani, kila siku, hayo maneno. Mimi nilikuwa nakula nikizunguka kando kando ya shimo, nikiogopa kuta zibomoke supu itoroke. Kidole chake hicho kilikuwa kimekatwa ncha na panga akikatia ng'ombe majani, kwa hivyo shimo lake lilikuwa pana na fupi, si kama la mtu mwingine.

Nilipokuwa na miaka kumi na moja, mpishi wa kule hoteli aliacha kazi, na mwenye hoteli akamwambia mama ashike jiko wiki moja ajaribiwe. Jumamosi ndio angeamua. Mama alituambia akiwa amesimama, hata hakuvua kitambaa ya kichwa. Akikaa kwa jiko, mimi ningeenda sekondari nikimaliza darasa la nane. Akirudi kwa viazi, ingekuwa kama kwa dada yangu, ambaye wakati huo alikuwa ameshaanza kuchuma chai ya watu. Kila jioni hiyo wiki tulipiga magoti, na mama akasema, "Maitu, niombee wewe. Mungu anasikia sauti ndogo haraka." Nikaomba. Niliomba kwa nguvu, na nilikuwa namaanisha.

Hiyo hiyo Jumamosi ilikuwa siku ya mashindano ya kukariri mashairi. Shule yetu ilipeleka wawili, mimi na Purity. Purity alikuwa mtoto wa meneja wa benki. Baba yake alikuwa amempeleka shule yetu ati asizoee sana mambo ya tauni, lakini tauni ilikuwa inamfuata kila asubuhi kwa gari. Tulikariri pamoja, tukawa namba mbili, tukapewa cheti moja moja iliyofungwa na utepe mwekundu. Mama Purity alikuwa amekuja, na koti ya rangi ya maziwa na harufu ya marashi. Akatukumbatia wote wawili bila kuchagua. Sikuwa nimewahi kukumbatiwa na koti kama hiyo.

"Mama yako hakuja kukuona?" akaniuliza tukiwa ndani ya gari.

"Ako kazini."

"Anafanya wapi?"

"Kwa ofisi," nikasema. Ilitoka yenyewe, laini kabisa, kama ilikuwa imekaa mdomoni ikingojea. Mama Purity akasema vizuri, wamama wa ofisi wanachoka sana. Nikaitikia kama mtu anajua.

Mama Purity alikuwa mtu wa kula hoteli. Alipoingia tauni aliendesha polepole akitusomea hoteli moja moja. Hapa chai ni maji. Hapa vitambaa vya meza ni visafi lakini nyama ni ya kutafuna mpaka kesho. Hapa pazuri, ila watu wanaongea kama wako mnadani. Sisi tulikuwa tunacheka nyuma. Nilikuwa naona ni elimu kubwa hiyo, kujua chakula bila kuwa na njaa. Kwetu chakula ilikuwa iko ama haiko. Halafu akasema kuna moja amesikia wamebadilisha mpishi, twende tuone.

Tulipanda ngazi. Na mimi, naapa sikufikiria magoti ya mama hata mara moja. Nilikuwa nafikiria soda.

Ndani kulikuwa kumejaa watu wa sokoni, wazee na kofia zao, mvuke kwa vioo, redio inaimba, na weita wanapita wakiitana na jiko kupitia dirisha ndogo ukutani. "Mukimo tatu, moja nyama kando. Chai mbili kavu. Mama, harakisha hiyo mukimo." Nilisikia hiyo "mama" lakini kila mpishi ni mama. Tulipata meza karibu na dirisha la barabarani. Purity akaweka cheti yake kwa meza ndio watu waone, na mimi nikaweka yangu kando, utepe ukiangalia nje.

Sahani zikaja. Kabla hata hazijawekwa chini ile harufu ilinifikia, na nilijua. Halafu nikaangalia. Katikati ya mukimo yangu kulikuwa na shimo, pana na fupi, na supu imelala ndani.

Sijui kama mshawahi kuona kitu ya nyumbani kwenu mahali haifai kuwa. Ni kama kukuta nguo yako ya ndani imeanikwa kanisani. Nilichukua uma, hiyo uma nilikuwa nimefundishwa kushika dakika tano kabla, na nikabomoa kuta za shimo yangu haraka, nikasawazisha juu kama fundi anapiga plasta. Supu ilitoka ikajaa sahani yote. Nilidhani hiyo imetosha. Lakini sahani zilikuwa tatu.

Mama Purity alikuwa ameinamisha kichwa juu ya yake.

"Purity, angalia hii. Hii si kijiko."

Purity akaangalia. "Mummy, hiyo ni kidole."

"Ni kidole ya mtu. Mtu ameweka kidole kwa chakula yangu."

Hakupiga kelele. Aliita weita kwa upole, weita akaita mwenye hoteli, na mwenye hoteli akaja na kalamu kwa sikio, akainama, akaona. Alikuwa mzee wa heshima, na nilimwona vile shingo yake inaingia ndani ya kola. Meza za karibu zikageuka kuangalia. Mzee mmoja akaangalia sahani yake mwenyewe, akasukuma kando. Mwenye hoteli akaenda pale dirishani, akasema kitu kwa Kikuyu, na mlango wa jikoni ukafunguka.

Mama alitoka na aproni ndefu mpaka miguuni, na gambuti za kiume, vile viatu virefu vya mpira. Alikuwa anapangusa mikono. Nataka mjue mahali macho yake yalienda kwanza. Hayakuenda kwa sahani, na hayakuenda kwa Mama Purity. Yaliniona, yakashangaa, halafu yakashuka kwa meza yakaona cheti na utepe mwekundu. Mama hakuwa mtu wa kusoma sana, lakini utepe unasomwa na kila mtu. Uso wake ulianza kufunguka. Mdomo ulikuwa umeshashika "mai", niliuona.

"Ni wewe unaweka kidole kwa chakula ya watu?" mwenye hoteli akauliza.

"Nimenawa," mama akasema. "Nanawa kila mara. Ni ya kupima kama imepondeka, na supu ipate pa kukaa. Ni mkono umezoea, mzee. Leo kumekuwa na haraka."

"Kuzoea wapi?"

"Nyumbani."

Purity alicheka kwa pua. Na Mama Purity, ambaye mpaka leo siwezi kusema alikuwa mtu mbaya, akanigeukia mimi kama shahidi. Alitaka tu kumaliza mambo vizuri, aonyeshe si maringo yake peke yake.

"Hapana, tusiseme ni nyumbani. Huyu pia ni mtoto wa hapa hapa. Nyawira, sema ukweli. Kwenu, mama yako anaweza kukuwekea kidole kwa chakula?"

Kulikuwa na redio, kulikuwa na vijiko, na mimi sikusikia chochote. Niliangalia aproni ya mama, hapo katikati, penye kulikuwa na alama ya kijani. Nikasema, "Hapana. Mama yangu hawezi."

Sikunong'ona. Nilikuwa nimetoka kushinda kwa kukariri, sauti yangu ilikuwa imefunguka. Ilifika mpaka kwa kaunta.

Mama hakutoa macho kwangu mara moja. Aliyatoa polepole, kama mtu anafunga mlango mtoto akiwa amelala. Halafu akainamisha kichwa kidogo mbele yangu, mimi, akasema, "Pole, mtoto wa wenyewe."

Mwenye hoteli akamwambia arudi kwa viazi. Alisema hivyo tu, bila hasira: "Wewe rudi kwa viazi. Jiko aachiwe mwingine." Mlango ukafungwa. Tuliletewa sahani zingine, na mukimo ya hizo ilikuwa imepigwa umbo na bakuli, mviringo kama kofia. Mama Purity alikula akasema sasa hii ndio chakula, lakini mahali penyewe hawezi kurudi. Mimi nilikula vijiko viwili vikakataa kushuka. Nikasema nimeshiba. Wakasema ni furaha ya kushinda.

Waliniteremsha na gari kwa njia panda. Nilitembea ile njia yote ya kahawa nikisema maneno moja kwa kichwa, mtoto wa wenyewe, mtoto wa wenyewe. Yaani mtoto wa watu, mgeni. Vile nilielewa, mama alikuwa amenirudisha. Nilikuwa nimemwambia si mama yangu, na yeye akasema sawa. Kwa akili yangu ya miaka kumi na moja ilikuwa haki kabisa, na hiyo ndio ilikuwa inanitisha. Nilifika nikachota maji bila kutumwa, nikafagia boma, nikamkatia ng'ombe majani. Nilikuwa nangojea tu kitu moja: akifika ataniita nani. Nilijiambia akiniita Nyawira, nitachukua nguo zangu niende kwa nyanya.

Jua lilikuwa linaingia nyuma ya Aberdare alipofungua lango. Alikaa kwa kigogo akavua viatu. Dada yangu akamuuliza habari ya jiko, akasema, "Wamepata mwingine." Basi. Hakuongeza. Dada akaingia ndani, na mimi nikabaki nimeshika ufagio.

Mama akafungua kikapu, akatoa kitu imefungwa na jani la ndizi.

"Hukumaliza chakula yako, maitu," akasema.

Ilikuwa mukimo ya ile sahani ya pili, ile ya mviringo, na vijiko vyangu viwili vimechimba kando. Alikuwa ameitoa kwa meza yeye mwenyewe ama aliikuta kwa vyombo vichafu, sijui. Alinawa mikono kwa yale maji nilikuwa nimechota. Akanipakulia kwa sahani ya nyumbani, akamimina supu kidogo iliyobaki ya jana, lakini kwanza akabonyeza kidole. Siku hiyo hakusema supu italala wapi. Aliuliza tu, "Mmekuwa namba ngapi?"

"Mbili."

"Nilijua ni kitu, nikiona utepe."

Nilikula nikilia ndani ya sahani. Hakuniuliza nalia nini, na sikumwambia. Hiyo ndio mara ya mwisho tuliongea juu ya hiyo siku, kama hayo ni maongezi.

Mama alimenya viazi miaka mingine saba. Nilipomaliza darasa la nane nilienda kwa chai na dada yangu, halafu kwa jikoni za watu, nikaolewa. Sekondari nilimaliza ukubwani, nikiwa na miaka thelathini na nne, kwa masomo ya jioni, dawati moja na askari wa mlangoni na mwanamke wa mitumba, wote tukisinzia. Siku ya kupewa cheti mama alikuja na fimbo yake. Alishika hiyo karatasi na mikono yote miwili, akatafuta kitu kwa pembe zake, halafu akauliza, "Maitu, na utepe?" Watu walicheka. Mimi nilitoka nje.

Kile nilikuja kuelewa, nilielewa nikiwa na wangu. Wangari alikuwa na miaka kama tisa, nimeenda shuleni kwao na nguo ya jikoni, na nikaona macho yake yakinikimbia mbele ya wenzake. Sikukasirika. Nilijikuta tu nimegeuka haraka, nimejifanya natafuta mwalimu, ndio asilazimike kunisalimia. Nilifanya kabla ya kufikiria. Nikasimama kwa ukuta wa shule, na hapo ndio nilisikia vizuri yale maneno. Mtoto wa wenyewe. Mama hakuwa amenirudisha. Alikuwa ameniacha nikae kwa ile meza na cheti yangu, nisionekane mtoto wa gambuti. Kama angesema "maitu" pale, aibu yote ingekuwa yangu. Kwa hivyo alilimeza lile neno, na jiko likaenda nalo. Hapo alikuwa anapoteza kazi, na bado alikuwa ananihesabia mimi.

Na mimi ndio nilikuwa mama yake kwa jina. Yeye ndiye alikuwa analia kwangu aombewe.

Basi juzi, hapo hotelini na Wangari, nilirudi kwa meza nimenawa uso. Wangari alikuwa bado na simu mkononi, zile nyota mbili hajazituma. Nilimwangalia, na ni jina la mama yangu hilo amebeba, kwa hivyo hata yeye mimi namwita maitu. Nikamwambia, "Maitu, hizo nyota zingoje kidogo. Kuna mtu huko nyuma ameponda hii kitu na mikono." Akaniangalia kama mzee ameanza kupotea. Lakini aliweka simu chini.

Sikumwambia zaidi. Nilitaka, na nikashindwa, vile nimeshindwa miaka hii yote kumwambia mama mwenyewe, ambaye siku hizi hana meno, na mukimo ndio chakula yake. Mimi ndio nampakulia. Nanawa mikono, maji na sabuni, nasukuma kidole, nangojea kitoke safi. Kisha nabonyeza katikati, namimina, na yeye anaangalia lile shimo kwanza kabla ya kuchukua kijiko.

"Asante, maitu," anasema.

Na kila mara, kabla ya kuitika, nasikia kwanza ile sauti yangu ikifika mpaka kwa kaunta.